Mavi ya popo kwenye kitambaa changu

Leo popo amenifanyia choo kichwani, na nilifurahi mpaka nikaruka!

Watu wa labo walitandika bashi, turubai la plastiki, chini ya paa yetu hapa Mabanga, wakusanye mavi ya popo. Wanataka kupima ADN (DNA) ya minyoo iliyomo, tujue kama ni ile inayosumbua tumbo la mutoto wangu.

Asubuhi nikasikia wanakuja. Nikaosha bashi na sabuni. Jamani, utapokea wageni kwenye uchafu?

"Mama, mavi iko wapi?"

"Nimesafisha, dokta."

Wakatazamana. Nikataka kulia.

Mara, pwaa! Kichwani, juu ya kitambaa nilichojifunga.

"Mama, usitikisike!"

Dokta akakwangua polepole na kakijiko. Halafu wakabeba kitambaa chote!

Jibu la mutoto wangu litakuja. Sasa nani ananipa kitambaa kingine? 😂