Beseni Chini ya Bahari

Mama alinipa mpaka Jumapili. Fremu ya biashara iliyopakana na duka lake la vyombo vya plastiki, pale Kariakoo, ilikuwa imebaki wazi, na mwenye nyumba hakutaka kusubiri. Ama niichukue niuze ndoo na mabeseni kama watu wenye akili, ama nimwonyeshe kwa macho yake hiyo kazi ninayodai kuifanya baharini. Asipoielewa, kazi basi.

Kazi yenyewe ni hivi. Tunakwenda na boti mpaka kwenye matumbawe, tunashusha kamera kwa kamba ikiwa imefungwa kwenye kiunzi cha chuma kilichochomelewa na mafundi wa mtaa wa Gerezani, inapiga picha sakafu ya bahari, tunaipandisha, tunasogea. Mimi ndiye mshika kamba, na pia mtapikaji mkuu. Nikirudi nchi kavu nakaa na kompyuta na kuipa kila picha jina: matumbawe hai, matumbawe yaliyokufa, majani, mchanga, taka. Nimehoji kila kitu maishani, kuanzia mahubiri ya kanisani hadi ukubwa wa chapati, lakini majina yale sikuwahi kuyahoji. Nilishiriki kuyatunga.

Mtu mwenye busara angemchagulia mama yake picha nzuri. Zilikuwepo, zenye samaki wa manjano na matumbawe kama maua. Mimi nikasema hapana, kuchagua ni kudanganya. Kompyuta ndiyo inayotupangia pa kushusha kamera, ili tusipendelee penye kupendeza. Basi na Mama ataona picha zitakavyojileta zenyewe. Nilijiona shujaa wa ukweli.

Baada ya ibada nikaweka kompyuta juu ya rundo la ndoo.

“Hii nini?” Mama akauliza.

“Mchanga.”

“Na hii?”

“Mchanga.”

“Hii je?”

“Mchanga, Mama. Ila wa chembe kubwa.”

Mteja mmoja, dada aliyekuja kuchukua mabeseni ya jumla, akasogea kuchungulia. “Samaki wako wapi?”

“Hatutafuti samaki, dada. Tunaangalia makazi yao.”

“Kwa hiyo mnapiga picha nyumba, wenyewe hawapo?”

Mpagazi aliyekuwa akimsubiri na mkokoteni wake akadakia, “Mchanga si hata Kigamboni upo, kaka?”

Nikabonyeza haraka. Likatokea beseni la kijani, limepasuka ukingo, limelala upande, na ndani yake kasamaki kamechomoza uso kama mwenye duka asubuhi. Pembeni, kwa herufi nyekundu: TAKA.

Mama akavaa miwani. “Nani kaandika taka?”

“Mimi.”

“Hilo ni beseni.”

“Likiwa baharini ni taka.”

“Na huyo humo ndani anafanya nini?”

Niliona kabisa shimo lilipo, nikatumbukia humo humo. “Anaishi.”

“Si ndiyo hayo makazi unayotafuta?”

Nikaanza kueleza madhara ya plastiki kwa viumbe vya baharini. Nilieleza kirefu, kwa mikono, nikiwa nimezungukwa na plastiki mpaka darini, plastiki iliyonilipia ada hadi chuo kikuu. Dada mteja akanikatiza: “Samaki kapata fremu kahamia. Wewe unapewa, unaringa!”

Duka zima likacheka. Mama hakucheka. Akaifunga kompyuta taratibu.

“Fremu nampa binamu yako.”

Hiki ndicho nilichokuwa nakiomba. “Kwa hiyo umeielewa kazi yangu?”

“Wala. Nimeelewa tu kwamba huwezi kuuza. Mteja atakuulizia beseni, utamwambia ni taka.”

Ningenyamaza, nishukuru, niondoke. Badala yake nikabisha. Nikasema naweza kuuza vizuri sana, nikashika beseni nikaanza kumsifia yule dada uimara wake: haliozi, halichakai, hata ukilitupa litadumu miaka na miaka.

Nikasikia mwenyewe ninachosema. Mama alikuwa ananitazama juu ya miwani.

“Msaidie mwenzio wa mkokoteni kupakia,” akasema. “Halafu urudi kwenye kamba yako.”