Kola ya Abé Fulgence

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia Fulgence Morizot kola zake, nikizitia wanga mpaka zinasimama zenyewe, kwa hiyo msinifundishe nani padri na nani siye. Fulgence hakuwa padri. Utotoni askofu alimkata nywele kidogo utosini, hatua ya kwanza tu ya njia ya upadri, baba yake akitumaini Kanisa litamlisha, mambo yakaishia hapo. Lakini hapa Dijon ukivaa nguo nyeusi na kola ndogo nyeupe, basi wewe ni Abé, kama wanavyoitwa mapadri, uwe unaungamisha watu au unafundisha mabinti kinanda. Fulgence alifundisha kinanda.

Na kinanda kikamponza. Akampenda Philiberte, binti wa mzee Truchot muuza mabata bukini, na binti naye akawa hoi. Fulgence akaenda kuposa.

"Abé kuoa?" mzee akafoka. "Unataka mwanangu aende motoni?"

"Mzee wangu, mimi si padri."

"Mbona kila Jumapili unabariki chakula hapa?"

"Si mnaniomba wenyewe?"

"Na lile paja la bata nakupa kwa uzuri wa sura yako? Toka."

Kesho yake akatangaza kuwa Philiberte ataolewa na msaga unga mmoja mjane, kibogoyo, mbahili wa kutupwa. Wapenzi wakaja kulilia kwangu, wakanilowanishia shuka nilizokwisha kupiga pasi. Niliwahurumia, lakini zile shuka ziliniuma.

Sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ya kula bata bukini, ikafika. Truchot akala bata kama anayekomoa mtu. Alasiri akashika tumbo, akaanguka kitandani, akasema anakufa. Padri wa parokia alikuwa shamba.

"Niitieni Abé!"

Fulgence alikuwa kwangu, jirani tu, amefuata kola yake. Akakimbia shingo wazi, nami nyuma na kola ingali ya moto. Mtaa mzima ulikuwa umejaa chumbani.

"Mwanangu, sikiliza dhambi zangu," mzee akaanza. "Ile mizani yangu..."

Fulgence akamziba mdomo. "Usiniambie, baba. Siwezi kukuondolea."

"Nakufa, wewe!"

"Naona. Ndiyo maana sikudanganyi. Padri amefuatwa."

Mzee akapandwa na hasira, akasahau kufa. "Jamani, mnasikia? Kumbe huyu si padri! Miaka yote anakula mapaja yangu, leo hafai hata kuniungamisha!"

Philiberte akainuka miguuni pa kitanda, akafuta machozi. "Basi, baba, kama hafai kukuungamisha, anafaa kunioa."

Mzee akafungua mdomo ajibu, ikatoka mbweu iliyotikisa pazia. Akakaa kitako, mzima wa afya, akatutazama mmoja mmoja. Mashahidi walikuwa wengi mno.

"Mchukue," akamwambia Fulgence. "Lakini paja sasa ni langu."

Nilicheka mpaka nikakalia kola.

Walioana kabla ya Noeli. Kola hajavaa tena, ila jina limemganda, na mgeni akipita mtaani kwetu hushika rozari yake akimsikia Philiberte dirishani: "Abé, njoo umchukue mwanao, kajikojolea."