Jumapili za Kutafuta Bendi Nakuru

Kwa miaka mingi nilidhani mume wangu ana kiburi. Namwita kutoka jikoni, haitiki. Namwambia mtoto ana homa, ananitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha anauliza kama chai iko tayari. Wakati mmoja tulikaa wiki mbili bila kusemezana, na nikifikiria leo naona ni mimi peke yangu niliyekuwa nimenuna. Yeye hakujua kama kuna jambo.

Tulikuwa tukiishi Elburgon wakati huo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao miaka ishirini na mitatu, upande wa msumeno mkubwa wa kupasua magogo. Mlio wake tuliusikia mpaka nyumbani, na watoto wetu walizoea kulala ukiendelea. Hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kuziba masikio. Alitia pamba, na pamba ikijaa vumbi la mbao aliitoa akaitupa. Serikali ilipokataza ukataji wa miti, kiwanda kikafungwa. Watoto walikuwa wameshaondoka kwenda kwao, nasi tukahamia Nakuru, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Free Area. Mimi nikawa nauza mboga langoni, naye akapata kazi kwa fundi wa viti kando ya barabara, kupiga msasa kwa mkono.

Ni yule fundi aliyenifungua macho. Alikuja mwenyewe hadi kwenye mboga zangu.

"Mama, huyu mzee hasikii. Sio eti ni kichwa ngumu. Hasikii. Jana lori imepiga honi nyuma yake mpaka mimi ndio nikamvuta shati."

Tukaenda hospitali. Walimketisha kwenye kiti, wakamvalisha vifuniko vya masikio vyenye waya, wakampa kibonyezo. Akisikia mlio, abonyeze. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, karibu tu, na nilisikia milio ikivuja kutoka kwenye vile vifuniko. Mmoja, mwingine, mwingine tena. Kidole chake hakikusogea. Alikuwa ametulia, macho ameyakaza kwa daktari, akingoja waanze.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho. Alizungumza nami kwanza.

"La kushoto limeisha, mama. La kulia linafuata. Msumeno ndio ulianza, lakini sasa mshipa wenyewe unakufa. Mwaka mmoja hivi. Labda miwili."

"Na kile kifaa cha kuvaa?"

"Kitamsaidia kidogo. Sitaki kuwadanganya."

Akanieleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: ndege, watoto, wanawake. Sauti nzito hukawia. Kisha akamwandikia mume wangu yote hayo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Mimi nilibaki nikiwaza neno moja tu, kwamba sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia.

Siku ya nne tukinywa chai akaniambia, kwa sauti ya juu kama ilivyokuwa desturi yake, "Kabla hii haijaisha, nataka kusikia bendi. Sio redio. Sio simu. Watu wamekaa na vyombo vyao mbele yangu."

Hapa lazima nieleze. Nilipokutana naye alikuwa mpiga gitaa. Bendi yao ilipiga kwenye harusi na kwenye baa za Elburgon, Molo na Njoro, na watu walimfahamu. Mimi nilikuwa nimeokoka. Nilimwambia sitaolewa na mtu wa baa, achague. Alichagua. Gitaa aliliuza mwezi ule ule tuliooana, na katika maisha yetu yote hakuwahi kunilaumu, hata siku tulipogombana vibaya. Kwa hiyo aliponiambia anataka bendi, sikuwa na mdomo wa kumkatalia. Nilisema tutaenda pamoja. Ilibidi nirudie mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimemshika uso.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilivua kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, nikakitia mkobani. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho. Tukashuka mjini mchana, jua likiwaka. Sikuwahi kuingia baa maishani mwangu, wala sikujua pa kuanzia. Yeye alikumbuka jina la mahali palipokuwa na bendi nzuri enzi za ujana wake, karibu na stendi. Tulipafika, tukakuta duka la simu.

Baa ya kwanza tuliyoingia ilikuwa na bango la gitaa mlangoni. Ndani palikuwa na kijana mmoja na kompyuta yake, spika zikitikisa vikombe. Msichana wa kuhudumu akatujia.

"Sasa mathe. Niwaletee nini?"

"Tunatafuta bendi."

"Bendi?" Akacheka, si kwa ubaya. "Hapa ni dijei tu, mathe. Bendi ziliisha na korona."

Jibu hilo nililisikia Jumapili nyingi. Tulijaribu karibu na soko, tukajaribu barabara ya kwenda Njoro, tukajaribu Lanet. Mahali pengine watu walikuwa wakitazama mpira ukutani, hakuna aliyetugeukia. Mahali pengine palikuwa na mtu mmoja mwenye gitaa, lakini ngoma zote zilitoka kwenye kibodi iliyokuwa ikijipiga yenyewe, na nyimbo zilikuwa matusi matupu. Mume wangu alisogea karibu, akatega sikio la kulia dakika chache, akanirudia. "Huyu hapigi," akasema, na kila mtu pale akamsikia. Yule mtu aliinama juu ya gitaa lake, akaendelea. Niliona haya kwa niaba yake, kwa sababu alikuwa mzee kama sisi.

Kile kifaa cha sikio alikivaa kwa wiki chache. Ndani ya baa kilimletea kelele tupu, alisema ni kama mtu anabeba mabati. Akakivua na hakukivaa tena.

Tulikuwa tumechoka tulipoambiwa na muuza nyama choma mmoja kuhusu mahali fulani mtaa wa Section 58, uwanjani nyuma ya baa, chini ya paa la mabati, Jumapili saa tisa. Tulifika mapema tukakuta watu wanne wanafungua vyombo vyao: mpiga ngoma, wawili wa gitaa, na mzee wa besi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu. Mwimbaji alikuja baadaye. Hawakuwa na nguo za kufanana wala taa. Walianza kupiga hivi hivi, kama watu wanaoanza kulima.

Sijui muziki. Lakini nilimwona mume wangu. Aliweka kikombe chini, vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kubonyeza paja, vikibadilisha mahali kila gitaa lilipobadilika. Miaka thelathini na zaidi nimelala karibu na mkono ule na sikujua kwamba bado unakumbuka.

Walipopumzika nilimwendea mzee wa besi, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya spika ya besi, akaja kumshika mume wangu bega.

"Mzee mwenzangu! Kaa hapa!" akamwambia kwa sauti kubwa. "Hapa itakuingia mpaka mifupa!"

Alitoka Subukia, alikuwa na shamba dogo la kahawa huko, na kila Jumapili alikuja Nakuru kupiga. Tukawa tunakwenda kila wiki. Miezi saba. Nasema hivi ijapokuwa nilikuja kulipia jambo hilo: ile ndiyo iliyokuwa miezi yetu mizuri kuliko yote tangu tuhamie mjini. Alikuwa akirudi nyumbani amechangamka, ananieleza gitaa la pili lilikosea wapi.

Kanisani walijua. Mtu alituona tukitoka. Akina mama wanne walikuja nyumbani, wakaketi, wakakataa chai.

"Mwenyekiti, tumeambiwa unaonekana baa."

Niliwaambia ni kweli. Niliwaambia na sababu. Mmoja akasema wangeweza kumwombea apone, badala ya kumpeleka mahali pa pombe. Nikamjibu kwamba wamwombee, nami nimpeleke, hakuna atakayemzuia mwenzake. Hawakulipenda jibu hilo. Uenyekiti niliuacha kabla hawajaniondoa, na kwa muda mrefu Jumapili niliketi kiti cha nyuma peke yangu. Mume wangu hakujua walikuja kusema nini. Alikuwepo chumbani wakati wote, akawaaga kwa kuwapa mkono.

Mwezi wa sita wa kwenda kule nilianza kuona vidole vyake vinachelewa. Alikuwa akiangalia mikono ya wapigaji ndipo anabonyeza. Baadaye akaacha kunieleza makosa ya gitaa la pili. Nilipomuuliza alisema siku hizi wanapiga vizuri tu. Nikajua magitaa yamekwisha kumpotea, amebaki na besi na ngoma. Sikumwambia. Yeye pia hakuniambia.

Siku yetu ya mwisho pale kulikuwa na watu wengi. Bendi ilikuwa imeanza, ikamaliza wimbo, ikaanzisha mwingine. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake kando ya spika, lakini alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, haangalii mtu. Alipoinuka alinigeukia mimi, akaniuliza kwa ile sauti yake kubwa:

"Mbona hawaanzi?"

Walikuwa katikati ya wimbo. Watu wa meza za karibu waligeuka. Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha. Mzee wa besi aliacha kupiga. Wale wengine waliendelea kidogo bila yeye, kisha nao wakaacha mmoja mmoja, mwimbaji akiwa wa mwisho.

Mume wangu aliwatazama. Aliiona mikono yao juu ya nyuzi, akamwona mpiga ngoma ameshika vijiti, akaona watu wote wamemkodolea macho. Alielewa. Niliuona uso wake ukielewa, na kama ningeweza kusahau kitu kimoja katika maisha yangu ningesahau hicho.

Mzee wa besi alimwendea. Alichukua mkono wa mume wangu, akauweka juu ya ubao wa gitaa lake, akaushikilia pale, akapiga uzi mnene kabisa. Akapiga tena. Alikuwa anatikisa kichwa kumtia moyo, kama unavyomfanyia mtoto anayeonja uji. Mume wangu aliuacha mkono pale muda kidogo. Kisha akautoa.

"Ni kama kushika mashine," akasema. "Miaka yote nimeshika mashine."

Akachukua kofia yake, akatoka. Nilimkuta nje ameegemea ukuta, jua likimpiga usoni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kwa kuwa hakunitazama, nililia kwa sauti, watu wakipita.

Hatukurudi tena. Mzee wa besi alikuja kututembelea mara moja, na ndizi kutoka shambani kwake. Nilitoka nikawaacha peke yao, nikifikiri wanaume wawili watajua la kufanya. Niliporudi walikuwa wameketi, kila mmoja anatazama mikono yake. Alipoondoka aliniambia mlangoni, "Mama, mimi nikimwona huyu naogopa." Sikumlaumu. Baadaye nilisikia pale Section 58 wameweka skrini kubwa ya mpira na bendi imeambiwa isije. Sijui walikwenda wapi.

Fundi wa viti alimwachisha kazi, akiogopa barabara. Siku nzima sasa yuko ndani. Mambo ya lazima namwandikia kwenye daftari, naye ananijibu kwa mdomo. Kwa kuwa hajisikii akiongea, hapimi sauti. Majirani wote wanajua chumvi imekwisha, wanajua mwana yupi hajapiga simu, wanajua ana choo kigumu. Mara nyingine ananiambia neno zuri, la zamani, na nasikia dirisha la jirani likifungwa taratibu.

Amekuwa mkali. Kuna siku aliandika yeye mwenyewe kwenye daftari, ijapokuwa hana haja ya kuandika: ningekufa na msumeno ule ingekuwa afadhali. Niliichana karatasi hiyo. Nilitaka kumwandikia kwamba mimi ndiye niliyemfanya auze gitaa, kwamba angeweza kupiga miaka yote ile alipokuwa na masikio. Nilishika kalamu kwa muda. Kisha nikaandika kama atakula ugali au wali. Akasema ugali.

Hapa Free Area kuna watu wa kila namna, na mara nyingine Jumapili mchana nasikia muziki kutoka mahali fulani, ngoma na magitaa ya watu wa kweli, labda harusi, labda baa mpya. Nikiusikia mikono yangu husimama kwenye sufuria. Yeye siku hizi husoma nyuso, hakuna kinachompita.

"Kuna nini?" ananiuliza. "Kuna kelele?"

Natikisa kichwa, hakuna, naendelea kuosha.