Lori la Kopo

Masizi yakichanganyika na mawese, harufu yake hunirudisha uani kwetu Ujiji. Nilikuwa nimeunda lori la jeshi kwa kopo la mafuta, magurudumu ya malapa yaliyokatika, na nilikuwa nikilipaka mchanganyiko huo lionekane limetoka vitani.

Mpangaji wetu, mama aliyekimbia vita ng'ambo akavuka ziwa peke yake, akachuchumaa kando yangu.

"Matope yalifika hapa," akasema, akayapandisha kwa kidole hadi dirishani. Kisha akachukua msumari wangu, akatoboa matundu matatu ubavuni bila kupima. Akatega sikio kwenye bati.

"Umewatoa waliokuwa ndani?"

Sikuwa nimeweka mtu humo.

"Wote, mama," nikajibu.

"Hata yule mdogo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Lori lile ninalo hadi leo. Sijawahi kuchungulia ndani.