Fungu la Kila Mmoja

Juzi, nje ya duka la dawa hapa Handeni, nilimwona mzee aliyevaa rubega akimgawia mwenzake vidonge. Miguu yangu ikagoma kuondoka.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba alirudi kutoka Korogwe na mfuko wa dawa za kifua kikuu. Daktari alikuwa amemweleza kwa Kiswahili, na baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, aliitikia kila neno.

Boma lilinuka moshi na maziwa. Wanaume wa rika lake walikuja kumpa pole, nao wakikohoa.

"Nitamezaje peke yangu na nyie mpo?" baba aliwauliza, akawagawia vile vidonge vyekundu kama alivyokuwa akigawa nyama, kila mmoja fungu lake.

Nilimwonea fahari. Nilidhani dawa nayo ni kama mbuzi, ikiliwa na wengi ndiyo inakuwa na baraka. Hakuna aliyemwambia kwa Kimaa, lugha yetu Wamasai, kwamba dozi ile ilikuwa ya mtu mmoja. Mimi nimekuja kulijua hilo ukubwani.

Mfuko uliisha upesi. Mvua za masika hazikumkuta baba. Wenzake wale ndio waliomzika, na pale kaburini nilisikia kikohozi kingi kuliko kilio.