Kocha Sufuri na Kina Mama wa Hayes

Kabla hajawa kocha, Genivaldo Teles alikuwa golikipa, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna mwajiri wake hata mmoja aliyewahi kuliuliza. Waliona pasipoti ya Brazil, basi. Mwenyekiti wa klabu akishasikia neno Mbrazili anaanza kuota chenga, visigino na mabao manne kila Jumamosi. Hajui kwamba mtu anayemwandikia mkataba alitumia miaka kumi na moja ya ujana wake akiokota mipira wavuni, katika mji mdogo wa bara kwao Brazil ambako hata padri alikuwa akimzomea, na kwamba tangu hapo ana chuki moja tu duniani, nayo ni bao. La kufungwa analichukia kabisa. La kufunga nalo halimpendezi sana, kwa sababu likishaingia watu wanakumbatiana na kusahau nafasi zao.

Kwa imani hiyo alifundisha klabu kumi na nne katika nchi sita, na zote kumi na nne zikamfukuza. Moja ilimfukuza akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limejaa mashavuni, mwenyekiti ananyolewa kiti cha pili. Klabu moja ya Ghuba ilimwalika kwenye harusi ya binti wa tajiri wa timu, akapigwa picha na maharusi, kisha akapewa barua yake pamoja na boksi la halua. Unguja alidumu misimu miwili, na hiyo ndiyo ilikuwa rekodi yake. Katika mechi thelathini na nane za huko, ishirini na tatu ziliisha bila bao upande wowote. Mashabiki wakampa jina la Sufuri. Yeye, Kiswahili chake kikiwa bado kichanga, alidhani ni cheo, akawa anaitika na kupunga mkono. Siku anaondoka, mpima mizigo wa uwanja wa ndege ndiye aliyemfafanulia.

Miaka sitini na mbili ilimkuta Hayes, magharibi ya London, nyumbani kwa bintiye Rosilene, muuguzi. Simu za klabu zilikuwa zimekoma. Akaona aibu kukaa bure akitazama televisheni ya mtu, akatafuta kazi kwenye ghala moja karibu na Heathrow, wanakopakia vyakula vya ndege. Kazi yake ilikuwa kupanga vimikate kwenye trei, kimoja kila trei, upande wa kushoto juu.

Wiki ya tatu, mbele yake kwenye mkanda unaosafirisha trei walisimama wanawake wawili. Mmoja alikuwa Nusra, Mzanzibari mwenye mdomo usiopoa. Wa pili alikuwa Teresia, Mkenya wa Nakuru, aliyekuwa mkimbiaji hodari shuleni na mpaka leo, akiwa na miaka hamsini na nne, anatembea kama mtu aliyeachwa na treni.

"Hebu mtazame yule babu wa masharubu," Nusra alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wasemavyo watu walioamini kuwa hawasikiki. "Anavyovibembeleza vimikate, utasema vimelala."

"Si ni Mreno huyo?" Teresia akauliza.

"Mreno, Mspaniola, wote wale wale."

"Mimi Mbrazili, dada," Genivaldo akajibu bila kuinua uso. "Na vimikate ukivisukuma vinabomoka."

Teresia aliangusha trei tatu. Mkanda ulisimamishwa dakika nne, msimamizi akaja kuuliza nani kaumia. Alipoondoka, Nusra alimsogelea mzee na kumchungua masharubu kama mtu anayesoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa.

"Kiswahili umekipata wapi?"

"Unguja. Nilikuwa kocha huko, zamani."

"Subhanallah! Wewe si Sufuri?"

"Ndiye mimi," akasema. Jina likishakukaa miaka ishirini unalizoea.

"Kaka yangu Ameir alikuwa akitoka uwanjani kwenye mechi zako hasemi na mtu mpaka Jumatatu! Mama alikuwa akikuombea dua, tena si ya heri."

Hata hivyo, saa ya mapumziko ilipofika, Nusra alikuwa nje anapiga simu. Aliyempigia ni Bi Ummukulthum.

Bi Ummukulthum alitoka Pemba kijana, akahamahama ukimbizini, mwisho akafika London na kufanya kazi ya ukarani kwenye halmashauri miaka ishirini na saba. Alikuwa amestaafu kazi, ila ukarani wenyewe hakuuacha. Bado alizungumza na kila mtu kama aliyejaza fomu vibaya. Mwaka uliopita zahanati ilikuwa imemwambia yeye na wenziwe kwamba sukari zao zinapanda na lazima wafanye mazoezi. Wakaunda timu ya mpira wa kutembea, mchezo walioutunga Waingereza kwa ajili ya watu wazima. Wanacheza watu sita kila upande, mpira haupiti kimo cha kichwa, na ukikimbia hata hatua mbili refa anapuliza filimbi. Walikuwa na jezi za kijani, hijabu za kulingana nazo, na golikipa mzuri, Restuta wa Bukoba, aliyeziba goli kwa upana wake tu. Walikuwa wamecheza mechi tano na kufungwa zote. Ya mwisho ilikuwa saba bila.

"Tunataka ile ya Kibrazili," Bi Ummukulthum alimwambia siku ya kwanza, wamesimama kwenye nyasi za plastiki nyuma ya kituo cha michezo, Jumapili saa nne asubuhi, mvua inanyunya.

Genivaldo aliitika kama alivyowaitikia wenyeviti kumi na nne. Kisha akasomewa sheria za mchezo, na aliposikia kwamba kukimbia ni kosa, ilibidi aketi kwenye benchi. Miaka thelathini amewasihi vijana wenye mapafu ya farasi watulie, wasikurupuke mbele, wakae nafasi zao. Leo ameuona mchezo ambao refa mwenyewe anawatuliza. Alijisikia kama mtu aliyezunguka dunia nzima akitafuta nyumba, kumbe ipo mtaa wa nyuma.

Akawapanga watano mstari mmoja mbele ya Restuta.

"Na huko mbele nani?" Bi Ummukulthum akauliza.

"Mbele hatuna shida nako, Bi Ummukulthum. Rudi nyuma kidogo."

"Mie nimesharudi nyuma vya kutosha maishani, Kocha."

Lakini alirudi. Kazi kubwa ilikuwa Teresia. Miguu yake ilikimbia yenyewe. Genivaldo akambebesha kikombe cha chai iliyojaa, akamwambia azunguke uwanja bila kumwaga. Jumapili ya kwanza alirudi na kikombe kikavu na mkono umeungua. Ya nne alirudi na nusu kikombe, timu nzima ikampigia makofi.

Mechi yao ya kwanza chini ya Genivaldo iliisha sufuri kwa sufuri, na ungedhani wamechukua kombe. Walipiga vigelegele mpaka mlinzi wa kituo akatoka. Ya pili ikaisha vile vile, wakashangilia kwa kiasi. Ya tatu walipeana mikono. Ya nne, Restuta alionekana anapiga miayo golini, na Nusra, aliyekuwa akisimama beki wa kulia, alipokea simu ya shemeji yake katikati ya mchezo, akaimaliza, na hakuna aliyegundua.

Jumamosi iliyofuata Genivaldo alialikwa chakula nyumbani kwa Bi Ummukulthum. Aliingia, akawakuta wote wamekaa wakimngoja. Ikaletwa sahani ya pweza wa nazi, ikawekwa mbele yake peke yake. Anazijua dalili. Hakuna klabu iliyowahi kumfukuza bila kumlisha kwanza, ukitoa ile ya kinyozi.

"Kula kwanza, Kocha," Nusra akasema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote.

"Semeni tu," akajibu. "Pweza ataliwa baadaye."

Bi Ummukulthum alivaa miwani. "Hatukufukuzi. Bado. Ila tumekaa, tumezungumza. Sisi sote hapa tumefanya kazi za kukaa mahali pamoja na kuzuia mambo yasiharibike. Wengine wameosha wazee, wengine wamejaza mafaili. Jumapili tunataka na sisi tupeleke kitu mbele. Wiki ijayo tunakwenda Kingsbury. Tunataka bao. Moja tu. Likikosekana, tutamrudisha mume wa Nusra, aliyekuwa akitufundisha kabla yako."

"Na yeye hataki kurudi," Nusra akaongeza, "kwa hiyo fikiria tulivyo taabani."

Genivaldo alimla pweza bila kusikia ladha. Usiku huo alimwambia Rosilene kwamba barua ya kumi na tano ya kufukuzwa inakuja. Rosilene akamuuliza kwa nini asiwaache tu wafunge. Akamjibu kwamba hajui kufunga kunavyofundishwa.

Siku ya mechi timu nzima ikapanda basi la 140 mpaka Harrow, wakashika la 183. Njia nzima aliwaeleza mpango wake, nao ulikuwa na ujanja mmoja tu. Timu ya Kingsbury ni ya kina mama wa Kihindi, akasema, nao watazungumza Kigujarati kwa siri. Sisi tutatumia Kiswahili. Atakuwa anapiga kelele waziwazi pembeni, na wale hawatajua kinachosemwa.

Mechi ikaanza. "Teresia, njoo katikati, mwache yule mnene!" akaita. Mama mnene wa Kingsbury, Alka, akageuka akamtazama kwa jicho baya, na mwenzake akapeleka mpira pale pale Teresia alipotoka. Bao. "Restuta, wanapenda kupiga chini kushoto, lala kushoto!" Nahodha wao, mwanamke mwembamba mwenye msuko mmoja mrefu wa nywele, akapiga kulia taratibu, kama anayeweka barua kwenye sanduku. Bao la pili. Genivaldo alivua kofia. Klabu kumi na nne, na hakuwahi kuona timu inayomsoma namna hii.

Wakati wa mapumziko nahodha yule alimjia na chupa ya maji.

"Kocha, pole," akasema kwa Kiswahili cha moja kwa moja. "Naitwa Pushpa. Nimezaliwa Kisumu. Nurjehan pale ni wa Mombasa, Alka wa Kampala lakini Kiswahili anakijua vizuri, na amesikia ulivyomwita. Tungekwambia mapema, lakini tuliona unatusaidia."

Bi Ummukulthum alicheka mpaka akashika nguzo ya goli. Genivaldo alikwenda kwa Alka, mkono kifuani, akamwomba radhi. Alka akasema amemsamehe, kwa sharti kwamba aendelee kupiga kelele.

Akarudi kwa watu wake. Ingebidi aseme Kireno, na hakuna ambaye angemwelewa. Alijaribu mpango wa kusema kinyume, nikisema kushoto nendeni kulia, lakini Restuta akauliza kama kinyume hicho ni kwa golikipa pia, na Nusra akauliza kama kinyume cha mbele ni nyuma au ni kukaa, na muda ukaisha.

Kwa hiyo kipindi cha pili alinyamaza. Alikaa juu ya mikono yake mwenyewe. Dakika za kwanza timu yake ilikuwa inamtazama kila mpira ukija. Kisha wakaacha kumtazama.

Bi Ummukulthum alipata mpira karibu na goli lake mwenyewe. Akaanza kutembea nao. Kingsbury walimsubiri apige pasi, naye hakupiga. Akatembea kwa hatua za mtu anayevuka ofisi kupeleka faili kwa mkubwa, mpira mbele ya kidole gumba, hijabu imenyooka. Mmoja akampisha akidhani atageuka. Nurjehan alichelewa. Genivaldo mdomo ulimjaa maneno "rudi nyuma", akayameza. Alipofika hatua tatu kutoka golini, Bi Ummukulthum alisukuma mpira kwa ncha ya kiatu, ukaenda polepole mno, golikipa akakosea kuuinamia, ukapita chini ya mkono wake.

Kila timu yake ilipofunga bao, miaka yote thelathini, Genivaldo alikuwa akigeuka kutazama goli lake, kuona mabeki wako wapi. Safari hii hakuwahi kugeuka. Aliuona uso wa Bi Ummukulthum ulivyofunguka, mwanamke wa miaka sitini na moja amenyoosha mikono juu, anageuka huku na huku akimtafuta wa kumwambia. Akamwona yeye.

"Kocha! Umeona? Mie!"

"Nimeona," akasema.

Baada ya hapo hapakuwa na mstari wala nafasi. Wote walikwenda mbele, hata Restuta, aliyeliacha goli na kufungwa la tatu akiwa amesimama katikati ya uwanja anauliza mbona watu wanapiga kelele. Teresia akafunga la pili. Refa akamwita, akamuuliza kama alikimbia. Teresia akaapa kwamba alitembea. Refa akalikubali. Walifungwa tatu kwa mbili, na Kingsbury wakashindwa kuelewa kwa nini walioshindwa ndio wanaocheza ngoma.

Genivaldo alikusanya mipira kwenye wavu peke yake, akingoja kuitwa. Timu yake imefungwa mabao matatu, tena imecheza vizuri pale tu aliponyamaza. Aliona yote mawili yanatosha kufukuzwa. Alipoitwa, ilikuwa ni kwenye meza ndani ya ukumbi, bhajia na chai ya maziwa, Pushpa anagawa vikombe.

"Jumapili saa nne," Bi Ummukulthum akamwambia, na kugeukia bhajia zake.

Sasa yuko nao msimu wa tatu. Wameshinda mechi sita, wamepoteza nyingi, na sare zao huwa na mabao. Nusra alimpigia Ameir simu Unguja kumpa habari, Ameir akakataa kuamini, akataka video.

Mwezi uliopita Pushpa naye alimpigia Genivaldo simu. Timu yake inafungwa sana siku hizi, akasema. Je, Kocha hawezi kufika kila Jumatano awafunze kuzuia? Maisha yake yote hakuwahi kutakiwa na timu mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewahi kumtaka kwa ajili ya kuzuia. Alikwenda kuomba ruhusa kwa Bi Ummukulthum, amevaa koti lake zuri. Naye akamsikiliza mpaka mwisho, miwani puani.

"Nenda," akasema. "Lakini Alka usimfunze kitu. Yule anatosha alivyo."

Jumatano akapanda la 140. Alka ndiye aliyemfungulia geti, akamwonyesha pa kutundika koti, akamuuliza kama wasimame mstari mmoja au miwili.

"Mmoja," Genivaldo akasema. "Tukae nyuma kwanza, halafu tuone."