Sahani ya Adina

Ianthe Cudjoe alipoufungua mlango wa chumba cha marehemu mama yake, alimkuta mwanamke wa Kizungu amekaa mezani, anakula.

Alisimama pale pale kizingitini, chupa ya rumu mkononi. Kwa muda akadhani ni macho tu yanamdanganya kwa vile ametoka juani. Lakini macho hayakuwa yakidanganya. Mgeni alikuwa amejitandikia kitambaa mapajani kama mtu aliye hotelini, uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, na samaki alikuwa amebaki miiba.

"Ee, samahani," mgeni akasema, akijifuta midomo. "Nimeona huku pametulia, meza imeandaliwa, nikajikaribisha. Chakula kizuri sana. Ila mpishi wenu amesahau chumvi."

Jamani! Hakuna aliyesahau chumvi. Ianthe mwenyewe ndiye aliyekipika chakula kile alfajiri, katika chungu cha peke yake: ugali wa mahindi ulioviringwa kama mpira, samaki, kuku, mbaazi na kipande cha shelisheli. Marehemu hawatiliwi chumvi. Sahani yao huandaliwa chumbani, juu ya kitambaa cheupe, pamoja na mshumaa, glasi ya maji na kikombe kidogo cha rumu. Kisha mlango hurudishwa tu, haufungwi kwa ufunguo, maana waliokufa hawabishi hodi. Na katika kisiwa kizima cha Carriacou, tangu Windward mpaka Harvey Vale, hakuna mlevi wala mtoto mwenye njaa awezaye kuusogelea mlango ule mpaka wazee waseme marehemu ameshiba. Ndiyo maana hapakuwekwa mlinzi. Nani angemlinda nani?

Ianthe akageuza macho kitandani. Pale alikuwa amelazwa mama yake. Yaani jiwe la kaburi lake, limefunikwa shuka nyeupe, limekuja kulala nyumbani mara ya mwisho kabla ya kupelekwa makaburini. Juu ya shuka ile mgeni alikuwa ameweka kofia yake ya ukindu, mkoba, na chupa ya mafuta ya kujikinga na jua.

"Ondoa kofia," Ianthe akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Samahani?"

"Ondoa kofia yako juu ya mama yangu."

Uma ukaanguka sakafuni.

Hapo lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu asiyemjua Adina hataona kwa nini mtoto wake mpole vile, mwanamke wa rozari na misa ya kila Jumapili, alipandwa na hasira kwa ajili ya samaki mmoja.

Adina alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni iliyo juu ya bandari ya Hillsborough. Aliingia jikoni mle akiwa msichana wa kusukwa nywele, akatoka mgongo umepinda. Wageni walikula, wakaongezwa, wakashiba, wakaenda kulala. Ndipo Adina alipochukua kijiko akakwangua ukoko chini ya sufuria, akaula amesimama karibu na jiko. Ianthe alipokuwa mdogo alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akimtazama.

"Mama, mbona hukai?"

"Nikikaa nitasinzia, mwanangu. Na wageni wanaweza kuita."

Ianthe alipokua naye akapata kazi nyumba ile ile, upande wa kufua. Shuka za wageni, mataulo ya wageni, maisha yake yote ameyaanika kwenye kamba. Mama akafa. Wakamzika kwa msalaba wa mti, kama desturi, wakaweka nia ya jiwe. Jiwe halina haraka. Hungojea ukoo ukusanyike, na kaka yake Ianthe alikuwa Brooklyn, leo anakuja, kesho hana nafasi. Ikapita miaka tisa.

Katika miaka hiyo Adina akaanza kuja ndotoni. Hakusema neno. Alisimama tu kwenye mlango wa jiko la wageni, kashika sahani tupu. Ianthe aliamka akishika rozari, akaenda kwa padri, padri akamwambia asali. Akasali. Mama akaja tena na sahani yake.

"Anataka jiwe lake," alisema Shangazi Euline, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ambaye ndiye anayeongoza nyimbo za ngoma kuu kijijini, ngoma ya kuwaita marehemu. "Na anataka kula. Wifi yangu yule hakuwahi kula akashiba. Mpe chakula, atapumzika."

Ndiyo karamu hii ya jiwe: siku ya kulisimika jiwe la marehemu na kumlisha, yeye kwanza, walio hai baadaye. Kaka alikuwa amefika, fundi ameleta jiwe, padri ameahidi kuja makaburini jioni. Wanaume walikuwa uani wakisonga ugali kwa miko mikubwa kama makasia, ngoma zikipashwa moto. Ianthe alikuwa na furaha ile ya woga, ya mtu aliyebeba mayai.

Basi dogo likapiga honi barabarani. Akashuka Lennard, mtoto wa Euline, dereva wa wageni, meno yote nje.

"Binamu! Nimekuletea watu!"

Wakaanza kushuka Wazungu. Wekundu wa jua, pua zimepakwa mafuta meupe, kamera vifuani. Mmoja amevaa bado viatu vya mpira vya kuogelea. Ianthe akalisogelea basi.

"Lennard, hawa kawaalika nani?"

"Si ubao!"

"Ubao gani?"

"Ule wa chaki pale mapokezi, kazini kwako! Unaupita kila siku, binamu. Jumatatu kuogelea Sandy Island. Jumatano kutazama kasa. Ijumaa kupanda mlima. Jumamosi karamu ya jiwe, ngoma na chakula cha wenyeji."

"Karamu ya nani?"

"Ya Mama Adina, ya nani tena? Si karamu ni ya watu wote? Kila apitaye si hula?"

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililomkera Ianthe zaidi. Kwenye karamu ya jiwe hafukuzwi mtu. Lakini mama yake kuandikwa kwa chaki, kati ya kasa na mlima! Na yeye ubao ule hajawahi kuusoma, kwa sababu mambo ya wageni ni ya wageni.

Shangazi Euline akamtazama mwanawe juu mpaka chini. "Nilipokuzaa mkunga aliniambia kichwa kikubwa. Hakuniambia kitupu."

Watu wakacheka. Ianthe naye akajilazimisha. Akasema moyoni, mgeni njoo, mwenyeji apone. Akawapa viti chini ya mshelisheli, akawapa maji, akazunguka kukagua masufuria uani, kisha akaenda ndani na chupa ya rumu ili alimwagie jiwe tone la kwanza.

Basi hapo ndipo alipomkuta yule mama na uma wake.

Mgeni, jina lake Rosalind, alitoka chumbani kafumbata kofia yake kifuani, uso umekuwa kama majivu. Nyuma yake Ianthe, na sahani yenye miiba ameiinua kwa mikono miwili. Hakuhitaji kueleza. Mpiga ngoma wa kwanza aliiona sahani, mikono ikamganda hewani. Kisha wa pili. Ukabaki kusikika ugali tu ukitokota.

Kaka mtu akashika kichwa. Bibi mmoja akajipiga ishara ya msalaba, akarudia, akarudia tena.

"Aliniambia chakula kimo ndani," Rosalind akasema kwa sauti ndogo, akimwonyesha Lennard.

"Jikoni! Nilisema ndani jikoni!" Lennard jasho linamtoka. "Binamu, usilie. Ni sahani moja tu. Masufuria yamejaa, tumpakulie nyingine sasa hivi, kwisha."

"Masufuria yana chumvi, we mjinga," mama yake akamwambia.

"Basi... tukioshe kidogo?"

"Nikuoshe wewe!"

Mzee mmoja akakohoa. Akasema kwa upole kwamba jambo likishaharibika ni vizuri kulipumzisha. Padri atakuwa amechoka kungoja, wageni leo wanahama kisiwa, boti yao inaondoka kabla jua halijazama. Waliopo wale chakula, jiwe libaki kitandani, Mungu akipenda mwakani wafanye upya. "Adina ni mtu wa subira," akamaliza. "Atangoja."

Pale ndipo kitu kilipokatika ndani ya Ianthe.

"Hatangoja!"

Wote wakageuka. Hapakuwa na mtu pale aliyewahi kumsikia Ianthe Cudjoe akipaza sauti, hata siku mbuzi walipokula nguo zake kambani.

"Mama yangu amengoja maisha yake yote! Amekula ukoko, amekula amesimama, amekula baada ya wageni, na wageni wakiita anaacha. Leo amekufa, nimempikia sahani moja. Moja! Nayo pia ale baada ya wageni?" Akaiweka sahani chini taratibu, kama inaweza kuumia. "Leo hali mtu. Napika upya. Mpaka mama ale, sufuria haifunuliwi."

"Binamu, wageni wana njaa," Lennard akanong'ona. "Boti yao..."

"Wapande boti na njaa zao."

Neno likawapiga watu kama kofi. Kulinyima tumbo la mgeni, Carriacou, kwenye karamu! Ianthe mwenyewe alilisikia likitoka kinywani mwake akashtuka kuliko wote. Akangoja aibu imjie. Haikuja.

Shangazi Euline alipiga magoti vumbini pale pale alipokuwa, magoti yake mabovu, akaanzisha wimbo wa kuwaomba marehemu msamaha, ule unaofungua ngoma. Ukoo ukapiga magoti nyuma yake, na ngoma zikamfuata polepole. Ianthe aliimba huku akiwasha moto mpya, machozi na moshi havijulikani kipi ni kipi.

Wageni wengine walinung'unika, wakatazama saa zao, mwisho Lennard akawarudisha bandarini, kichwa chini. Rosalind hakupanda basi. Alikuja mpaka penye moto.

"Nifanye nini?" akauliza.

Ianthe akainama akapuliza moto.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema mpishi mmoja.

"Huyu hata saa mbili hajamaliza!" akadakia mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu balaa lile watu wakacheka.

Shangazi Euline akainuka akijifuta magoti. "Chungu hagusi. Lakini njia ya chumbani anaijua vizuri kuliko sisi sote. Mama, njoo hapa. Simama mlangoni. Usiingie, usikae. Asipite mtu."

Rosalind akasimama. Jua likamhama kutoka bega moja kwenda la pili. Ianthe alipita mbele yake na ugali usio na chumvi, samaki mwingine, kuku, mbaazi. Akaandaa meza, akawasha mshumaa mpya, akatoka bila kumtazama. Baadaye, kutoka jikoni, alimwona kijana wa Kizungu aliyeachwa na basi akijongea mlangoni na kamera yake apate kuchungulia ndani. Rosalind akafungua mikono yote miwili, kofia imeninginia kidole kimoja.

"Hapana," akamwambia. "Bibi anakula."

Ianthe akaacha kijiko sufuriani. Ilibidi akae chini, juu ya ndoo.

Euline aliingia peke yake wakati kivuli cha mshelisheli kilipofika ukutani. Alikaa ndani kitambo. Alichokiona kwenye sahani hakumwambia mtu, na mimi siwezi kukitunga. Mambo mengine ni ya Mungu na ya wenyewe. Alitoka, akasema neno moja tu:

"Ameshiba."

Kelele iliyopanda hapo ilisikika mpaka baharini. Wakalifunua jiwe, wakalimwagia maji na rumu, wakalibeba mabegani hadi makaburini, na padri, maskini, alikuwa bado yupo, amekaa juu ya ukuta akisoma sala zake. Jina la Adina likasimama wima mwanga ukiwa bado upo.

Waliporudi watu walivamia masufuria kama nzige. Ianthe aliwapakulia wote, na alipofika kwa Rosalind, aliyesimama mwisho wa mstari bila sahani, mwiko ukagonga chini. Pamebaki ukoko.

Wakatazamana.

"Huu ndio uliobaki," Ianthe akasema. Hakuwa anamtesa. Ndio uliobaki kweli.

Akaukwangua, akaugawa nusu kwa nusu. Wakaula pamoja, wamesimama, karibu na jiko. Rosalind alitafuna taratibu, na safari hii juu ya chumvi hakusema kitu.

Wiki ile Adina hakuja ndotoni, wala iliyofuata.

Jumatatu ya kwanza baada ya karamu Ianthe alifika kazini kama kawaida, akachukua shuka mbichi kutoka kwenye mapipa, akapita mapokezi. Mara ya kwanza katika maisha yake akasimama mbele ya ubao wa chaki. Akausoma wote, kidole kikifuata maneno. Halafu akashika ncha ya shuka yenye maji, akafuta mstari wa Jumamosi, ule wa karamu ya jiwe, uliokuwa bado umeachwa pale.

Mwenye nyumba, aliyekuwa nyuma ya meza na kikombe cha chai, alibaki kakishika hewani. "Ianthe! Unafanya nini? Na wageni wakiuliza Jumamosi kuna nini?"

"Waambie bahari ipo, mama," Ianthe akasema kwa upole wake ule ule wa siku zote, akaenda kuanika shuka.